Mradi Ulioachwa na Haki ya Kujibiwa

Namna ya kugawa kilichopo pale ambapo hakiwatoshi wote ni swali lililowashughulisha wanafalsafa na wanadini tangu kale, na katika halmashauri za Tanzania swali hilo leo hujibiwa, kwa sehemu kubwa, ndani ya mfumo wa kompyuta. Kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Julai ambapo mwaka wa fedha wa Serikali huanza, mahitaji yaliyoibuliwa vijijini hupangwa, hukadiriwa gharama na kuingizwa katika PlanRep, yaani mfumo wa kuandaa mipango, bajeti na taarifa unaotumiwa na mamlaka za serikali za mitaa chini ya TAMISEMI, ofisi ya Serikali Kuu inayosimamia mamlaka hizo. Kazi ya kuingiza ikishafungwa, baadhi ya vijiji huwa vimepata zahanati na vingine huwa havimo. Mambo mawili yanastahili kuulizwa hapo: kama orodha iliyopangwa kwa vigezo na tarakimu inaweza kuwa ya haki, na kama haiwezi kuwa hivyo kwa nguvu zake yenyewe, ni nini kinachoweza kuziba upungufu wake. Hoja itakayotetewa katika kurasa hizi ni kwamba upungufu huo hauzibwi kwa kuongeza vigezo, bali kwa wajibu wa kumjibu yule ambaye mradi wake umeachwa.

Kata ya Muze, katika Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga mkoani Rukwa, inafaa kuwa mahali pa kulitazamia swali hili kwa sababu jiografia yake haimruhusu mpangaji kulikwepa. Mji wa Sumbawanga uko juu, kwenye uwanda wa Ufipa. Muze iko chini, katika bonde la Ziwa Rukwa, na kati ya sehemu hizo mbili imesimama safu ya milima ya Lyamba lya Mfipa, ambayo barabara itokayo Ntendo, huko uwandani, hulazimika kuiteremka kabla ya kufika Muze na kuendelea bondeni hadi Kilyamatundu, karibu na mpaka wa Mkoa wa Songwe. Uwanda ni wa baridi, wa mahindi na maharage, wenye desturi ya zamani ya kulima kwa matuta ya mboji yaitwayo ntumba. Bonde ni la joto, la mpunga, la wavuvi na la wafugaji waliohamia na mifugo yao. Msimu wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kwisha Aprili, ndio msimu ambao mteremko huo huwa mgumu kupitika, na ndio pia msimu ambao magonjwa ya maji machafu, kipindupindu kikiwamo, huwatisha watu wa bondeni. Mfuko wa saruji ulionunuliwa Sumbawanga mjini na mfuko huohuo ulioshushwa Muze mwezi Februari si kitu kimoja kwa gharama wala kwa hatari, ingawa katika jedwali la bajeti unaweza kuandikwa kwa jina lilelile na kipimo kilekile.

Kabla ya kuendelea, istilahi mbili zahitaji kufafanuliwa. Mradi ni kazi yenye mwanzo, mwisho, gharama na tokeo linalotarajiwa, kama vile kujenga zahanati au kuchimba kisima. Mkusanyiko wa miradi ni miradi yote ambayo taasisi moja inaibeba kwa wakati mmoja, ikitazamwa si moja baada ya moja bali kwa pamoja, ili uamuzi wa kuchukua mmoja uzingatie athari zake kwa mingine. Kampuni kubwa duniani hununua programu mahususi za kazi hii, ambazo hupokea taarifa za miradi yote, huupa kila mmoja alama kwa vigezo vilivyowekewa uzito, kisha hutoa mfuatano wa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Fikra ya msingi ilikopwa kutoka soko la mitaji, ambako mwanauchumi Harry Markowitz, katika makala yake ya mwaka 1952, alionyesha kwamba mwekezaji mwenye busara hapimi hisa moja peke yake bali hupima jinsi hisa zake zote zinavyopanda na kushuka pamoja. Mkopo huo wa fikra ulikuwa na manufaa, lakini ulikuja na dhana iliyojificha ambayo wengi wa watumiaji wa programu hizo hawaitambui: hisa inaweza kuuzwa kesho na fedha yake ikanunua nyingine, na hisa haimjui anayeimiliki. Zahanati iliyofikia usawa wa lenta haiuziki ikageuzwa kuwa kisima. Inabaki palepale ilipo, mbele ya macho ya waliosomba tofali zake, na kila mwaka unaopita bila paa huharibu ukuta wenyewe na pia imani ya watu kwa wale waliowahimiza kuujenga.

Ingekuwa dhuluma kuzungumzia upungufu wa PlanRep bila kutaja kile ilichokiondoa. Toleo lake la mtandaoni lilizinduliwa mwaka 2017 mjini Dodoma, sambamba na FFARS, ambao ni mfumo wa uhasibu na utoaji taarifa za fedha kwa vituo vya kutolea huduma kama shule na zahanati, na mifumo hiyo miwili iliandaliwa kwa msaada wa mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Marekani. Kabla ya hapo, programu ilikaa kwenye kompyuta za kila halmashauri peke yake, na maofisa mipango walisafiri na takwimu zao umbali mrefu ili zijumuishwe, safari ambazo kwa mtu wa Rukwa hazikuwa ndogo. Kuwekwa kwa mfumo mtandaoni kulipunguza gharama hizo, kulifanya makosa ya kujumlisha yawe machache, na kuliwezesha hata kituo kidogo cha huduma kuwa na bajeti yake inayoonekana kwa jina. Hilo la mwisho lina uzito wa kimaadili na halipaswi kupitwa haraka, kwa maana kituo kilichotajwa kwa jina kinaweza kuulizwa na kinaweza kuuliza, ambapo kituo kilichomezwa na jumla ya idara hakiwezi lolote kati ya hayo.

Hata hivyo mfumo huona tu kile ambacho taasisi yake ina mamlaka nacho. Zahanati ya kijiji iko chini ya halmashauri, na kwa hiyo imo katika PlanRep. Barabara kuu na ya mkoa iko chini ya TANROADS. Barabara ya kuunganisha kijiji na kijiji imekuwa chini ya TARURA tangu wakala huo ulipoanzishwa mwaka 2017. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, iliyoanza kazi mwaka 2019. Umeme wa vijijini uko chini ya wakala wake wa nishati vijijini. Kwa mama mjamzito wa bondeni vitu hivi vitano ni kitu kimoja, kwa kuwa zahanati isiyo na maji haimzalishi mtu kwa usalama, na zahanati yenye maji na umeme haimwokoi aliyetokwa na damu nyingi ikiwa gari la wagonjwa haliwezi kupanda mlima usiku wa mvua. Kila taasisi inaweza kupanga mkusanyiko wake kwa uaminifu kamili, ikafuata vigezo vyake bila upendeleo wowote, na bado hakuna hata moja inayoutazama uhai wa mama huyo ukiwa mzima. Mfano wa upande mwingine, ulio wa kutia moyo, unapatikana mwisho wa barabara hiyohiyo: daraja la mto Momba, linalounganisha Kilyamatundu na upande wa Kamsamba mkoani Songwe, liliipa barabara ya bondeni thamani ambayo barabara yenyewe, ikipimwa peke yake, isingekuwa nayo. Alama uliyopewa mradi mmoja hubadilika pale mwingine unapokamilika, na jedwali lililogawanywa kati ya taasisi tano haliwezi kuonyesha mabadiliko hayo.

Kuna upungufu mwingine ulio mzito zaidi, nao unahusu maboma. Katika lugha ya serikali za mitaa, boma ni jengo la huduma ambalo wananchi wamelianzisha kwa michango na nguvu zao wenyewe, wakalifikisha kwenye lenta au kwenye kupauliwa, wakisubiri Serikali ilimalizie. Utaratibu wa kuibua miradi unaojulikana kama Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaotumika tangu mwanzoni mwa karne hii na kuboreshwa baadaye, unahimiza jambo hilo hasa: wananchi waanze na walichonacho. Bajeti, kwa upande wake, huanza na ukomo, yaani kiwango cha juu ambacho halmashauri imeambiwa isikivuke, na kila kazi hutakiwa kuwa na kifungu chake ndani ya ukomo huo. Basi hutokea kwamba jasho la kijiji limemwagika katika mwaka ambao kijiji hicho hakikuwa na kifungu, na kwa macho ya orodha ya bajeti hakuna kilichotokea. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikitaja mara kwa mara miradi isiyokamilika na majengo yaliyokamilika yasiyotumika. Lakini mkaguzi huhesabu fedha ya umma iliyolala, na si rahisi kwake kuhesabu siku ambazo watu waliacha mashamba yao ya mpunga kwenda kusomba mchanga.

Je, haiwezekani kuongeza safu moja zaidi katika jedwali, iandikwe thamani ya nguvu za wananchi kwa shilingi, na tatizo liishe? Pendekezo hilo ni la busara na linafaa kutekelezwa, ila halifiki kwenye mzizi. Aristotle, katika kitabu cha tano cha maadili yake ya Nikomako, alisema kwamba fedha huvifanya vitu visivyofanana viweze kulinganishwa kwa ajili ya kubadilishana, lakini alikiri papo hapo kwamba kwa kweli vitu vilivyo tofauti kiasi hicho haviwezi kuwa na kipimo kimoja, na kwamba kinachowezekana ni ulinganifu unaotosha mahitaji tu. Maneno yake yanamhusu ofisa mipango moja kwa moja. Uhai wa mzazi, muda wa mwanafunzi anayetembea hadi shule ya mbali, na heshima ya kijiji kilichojitolea havipo kwenye mstari mmoja ili kimoja kiwe alama 7 na kingine alama 5. Tarakimu hizo ni makubaliano ya kazi, na makubaliano yanahitaji watu walioyakubali. Hapo ndipo ugumu wa pili unapoingia. Kenneth Arrow alithibitisha, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1951, kwamba machaguo yanapofikia matatu au zaidi, hakuna kanuni ya kuunganisha mapendeleo ya watu wengi kuwa mfuatano mmoja itakayotimiza kwa pamoja masharti machache ambayo karibu kila mtu angeyaona ya haki, likiwamo sharti la kwamba asiwepo mmoja ambaye matakwa yake peke yake ndiyo huamua daima. Uthibitisho huo haukuandikwa kwa ajili ya majedwali ya alama, lakini mara tu uzito wa vigezo unapodaiwa kuwa sauti ya wananchi wote wa wilaya, wa uwandani na wa bondeni, unaingia katika eneo lake. Mfumo wowote utakaotengenezwa, hata uwe na akili kiasi gani, utakuwa umebeba ndani yake uamuzi wa mtu fulani kuhusu kipi kizito zaidi, na uamuzi huo utaonekana kana kwamba ni hesabu tupu.

Dini zilizoenea Ufipa na pwani zina mafundisho yanayogusa jambo hili kwa ukali kuliko falsafa. Ufipa ni nchi ya Wakatoliki wengi tangu Wamisionari wa Afrika walipoingia kutokea Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa karne ya 19, na msomaji wa Biblia wa Muze anaifahamu habari ya Mfalme Daudi aliyewahesabu watu wake na taifa likapatwa na tauni. Habari hiyo husomwa na wengine kama katazo la kuhesabu watu, lakini usomaji huo hausimami, kwa sababu Musa naye aliamriwa kuhesabu. Tofauti iko kwingine. Katika agizo lililomo kitabu cha Kutoka, kila aliyehesabiwa alitoa nusu shekeli kuwa fidia ya nafsi yake, tajiri asizidishe na maskini asipunguze, na kwa njia hiyo hesabu yenyewe ilikiri kwamba wanaohesabiwa ni mali ya Mungu na kwamba mwenye kuhesabu atadaiwa. Daudi alihesabu kana kwamba watu ni nguvu zake. Qur'ani nayo inaitaja mizani pamoja na kuumbwa kwa mbingu na kuonya vikali dhidi ya wapunjao vipimo, na katika imani ya Kiislamu kila apimaye atapimwa. Kinachoshikwa na mafundisho haya yote ni kwamba kupima ni halali, tena ni lazima, ilimradi anayepima abaki mtu anayeweza kuulizwa. Programu ya kompyuta haiwezi kuulizwa kwa maana hiyo. Inaweza kuonyesha hatua zake, lakini haiwezi kutubu, kuomba radhi wala kuahidi.

Fundisho la kijamii la Kanisa Katoliki limeongeza kanuni ambayo Papa Pius XI aliiandika katika waraka wake Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, nayo ni kwamba jumuiya kubwa isiipokonye jumuiya ndogo kazi ambayo ndogo inaweza kuitenda yenyewe, bali iisaidie itende. Julius Nyerere, Mkatoliki aliyeyajua mafundisho hayo, alitoa hoja iliyo karibu nayo katika andiko la Uhuru na Maendeleo la mwaka 1968, aliposisitiza kwamba watu hawaendelezwi na mwingine, bali hujiendeleza wenyewe kwa kushiriki katika maamuzi. Historia ilimwendea kinyume kwa muda, kwani serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972 na kurejeshwa baada ya sheria za mwaka 1982. Na ni moja ya sheria hizo, Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 inayohusu mamlaka za wilaya, inayoupa mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote waliofikia umri wa miaka 18, nafasi ya juu katika mambo ya kijiji. Mkutano huo hupaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Kwa mtazamo wa insha hii, mkutano huo ndio chombo ambacho programu za miradi za makampuni makubwa hazina mfano wake: mahali ambapo aliyeachwa anaweza kusimama akauliza kwa nini.

Ufipa yenyewe ina kumbukumbu inayoweza kulisaidia wazo hili. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeandika kwa kina kuhusu historia ya Wafipa, alikusanya simulizi ya utawala wa kale wa Milansi, ambao wageni wa ukoo wa Twa waliutwaa. Lakini mtawala wa Milansi hakufutwa, bali alibaki na eneo dogo na heshima ya mtangulizi ambayo watawala wapya hawakuweza kuidai. Simulizi kama hiyo inaweza kufasiriwa kwa njia nyingi. Mojawapo, iliyo ya haki kwake, ni kwamba jamii hiyo iliona si hatari kuachanisha nguvu ya kugawa na haki ya kutangulia, ikakubali kwamba mwenye nguvu aendelee kuwa na mtu ambaye hana budi kumtambua. Orodha ya bajeti ina nguvu ya kugawa. Mkutano mkuu wa kijiji, ulio dhaifu kwa fedha na kwa takwimu, una haki iliyotangulia ya kuelezwa.

Kutokana na hayo, kinachohitajika kwa vitendo ni kidogo kuliko mfumo mpya na ni kigumu zaidi. Kila mradi ulioibuliwa na kijiji na usiingie katika bajeti uandikiwe sababu, kwa sentensi kamili na si kwa alama, na chini yake pawe na cheo cha aliyeamua. Sababu hiyo irudi kijijini na kusomwa na Mtendaji wa Kijiji katika mkutano mkuu wa kwanza kuanzia Julai, majira ambayo mteremko wa Lyamba lya Mfipa ni mkavu na ofisa kutoka halmashauri hana kisingizio cha njia. Kwa miradi inayotegemeana, sababu hiyo itaje taasisi nyingine inayosubiriwa, ili kijiji kijue kama kikwazo ni TARURA, RUWASA au halmashauri. Kwa boma, sababu iseme wazi ni lini na kwa mpangilio upi litafikiriwa tena, kwa kuwa Serikali iliyowahimiza watu kuanza imekwisha kujifunga kwao kabla ya kuandika chochote.

Yapo mapingamizi. Moja ni kwamba sababu zitatungwa, na ofisa hodari ataandika aya nzuri kwa kila alichokwisha kuamua kwa upendeleo. Hilo litatokea, lakini sababu iliyoandikwa ina tabia ambayo alama haina, nayo ni kwamba inamfunga mwandishi wake mwaka unaofuata: aliyesema Muze imesubirishwa kwa sababu ya barabara hawezi, barabara ikishapitika, kuisubirisha tena kwa sababu ya idadi ya watu bila diwani kumuuliza ni lipi kati ya hayo mawili lilikuwa kweli. Pingamizi la pili, kwamba maofisa wamelemewa na hawana muda, lina ukweli mwingi na linapaswa kuwafikia wanaopanga ikama ya watumishi wa halmashauri za pembezoni, wala lisitumiwe kuwanyamazisha wanaouliza.

Pingamizi la tatu ndilo zito, na hoja iliyotolewa hapa haijalimaliza. Haki ya kujibiwa mbele ya mkutano mkuu ni haki ya mkazi. Katika bonde la Rukwa wapo wavuvi wanaoishi kwa miezi katika kambi za ziwani na wafugaji wanaofuata malisho, ambao hawamo katika mkutano wa kijiji chochote na ambao mara nyingi ndio wa mwanzo kuugua maji yanapochafuka. Hakuna mradi walioibua, kwa hiyo hakuna mradi wao ulioachwa, na hakuna sababu itakayosomwa kwa ajili yao. Mahali ambapo wanaonekana ni katika vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za taarifa za huduma za afya ambamo mhudumu wa zahanati huandika mgonjwa na mahali alikotoka, na ofisa mipango anayekubali kwamba anadaiwa hata na wasioweza kumwita kikaoni atalazimika kuzifungua rejesta hizo kabla ya kufungua jedwali lake.